Kila Mwamba Ngoma: Bujora, Gitaa la Besi na Mwenye Vyombo

Mwambao una methali isemayo kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wenye kuitumia methali hii aghalabu hawaifikirii ngoma yenyewe. Humfikiria mtu ajipendeleaye katika mgawo wa mali au wa madaraka. Lakini methali ilizaliwa na kazi ya mikono. Ngozi mbichi hulowekwa, hutandazwa juu ya mdomo wa mzinga, kisha huvutwa kwa kamba au kupigiliwa vigingi mpaka ikaze. Na mwenye kuivuta hawezi kuivuta ila kuelekea upande aliosimama yeye. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ngoma fulani hupigwaje, yafaa kwanza kuuliza ni nani aliyeigharimia, na inalia kwa amri ya nani. Mahali pazuri pa kuliuliza swali hilo ni Bujora.

Bujora ipo jirani na Kisesa, takriban kilomita 20 mashariki ya mji wa Mwanza, kando ya njia iendayo Musoma, katika nchi ya majabali kama yale yaonekanayo yakisimama ndani ya ziwa. Hapo ndipo Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alipoanza kazi katika miaka ya 1950. Akishirikiana na wazee wa Kisukuma, alikusanya vitu ambavyo alihofu vingepotea: viti vya enzi, mikuki, zana za wahunzi, vifaa vya waganga, na zaidi ya vyote, ngoma. Kanisa la hapo lilijengwa kwa kufuata sura ya nyumba ya Kisukuma, na ngoma zikaingizwa ndani yake wakati ambapo misheni nyingi zilikuwa bado zikiziona ngoma kuwa jambo la kuachwa nje ya mlango. Makumbusho yalifunguliwa rasmi mwaka 1968. Miongoni mwa majengo yake, moja lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na humo zimehifadhiwa ngoma za tawala za Usukuma.

Ngoma hizo ni kubwa, na sauti yake ni nzito. Mti mzima ulichimbwa moyo wake, na ngozi ya ng'ombe ikawambwa juu. Hazikuwa mali ya mpigaji. Zilikuwa alama ya utemi kama kiti na mkuki. Zilirithiwa pamoja na madaraka, wala hazikupelekwa sokoni. Ngoma ya kitemi ilitambulishwa kwa utemi wake: ilikuwa ngoma ya nchi fulani, ya ukoo fulani. Jina la mtu aliyeinyanyulia mikono na kuiamsha usiku wa manane halikuwa sehemu ya heshima yake. Mpigaji alikuwa na mikono. Sauti ilikuwa ya mwenye nchi.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Watemi wakawa raia kama raia wengine, na ngoma zao zikabaki bila kazi. Chombo kilichokuwa hakiuziki kwa sababu ya utukufu wake, kikaingia katika hatari ya kuuzika kwa sababu ya upweke wake: watalii na wakusanyaji wa vitu vya kale wapo kila mahali. Ndiyo maana kazi ya Bujora ilikuwa na haraka. Ngoma zilizofika pale ziliokoka. Lakini ziliokoka kama vitu vya kutazamwa. Na ngoma isiyopigwa hulegea ngozi, ikawa mzinga tu.

Usukumani, hata hivyo, hapakuwa na ngoma za watemi peke yake. Palikuwa, na pangali pana, ngoma za vyama. Karne ya 19 ilikuwa na mafundi wawili, Gumha na Gika, mahodari wa dawa na wa mchezo, ambao wafuasi wao waligawanyika wakawa Bagalu na Bagika. Mpaka leo vyama hivyo viwili hushindana. Kila upande una manju wake, aitwaye ning'i, mwenye kutunga, kuimba na kuongoza. Makundi mawili huchezea viwanja vilivyo karibu, kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi mwenye kalamu na karatasi. Watu ndio hakimu. Upande uwavutao wengi ndio ulioshinda. Upande uliokimbiwa umeshindwa, hata kama wachezaji wake walitoka jasho la damu.

Katika mashindano ya namna hiyo, sauti nzito ina faida ya wazi. Mlio mwembamba hupotea katika vigelegele, lakini ngoma kubwa husikika mbali, na hata asiyeisikia vyema kwa masikio huipata kifuani. Kwa hiyo vyama vilitafuta ngoma nzuri kama vilivyotafuta dawa nzuri, na vyote viwili viligharimu. Ngoma ilijaribiwa kabla ya siku yake: ilipelekwa juani au karibu na moto wa majani makavu, ngozi ikapata joto na kukaza, mpigaji akagonga katikati na ukingoni, akasikiliza, akairudisha tena motoni. Mwenye haraka huiunguza. Mwenye uvivu huiacha iseme kwa kunong'ona. Fundi huijua kwa kiganja.

Padri Clement aliyapa mashindano hayo makao mapya. Sikukuu ya Ekaristi, iangukayo aghalabu mwezi wa Juni baada ya mavuno, iliambatanishwa na ngoma za Bagalu na Bagika, ikaitwa Bulabo, yaani maua. Mtu akisimama katika umati wa Bulabo anaona tofauti iliyopo baina ya ngoma ya mtemi na ngoma ya chama. Ya kwanza inamtaka msikilizaji atii. Ya pili inamwomba asogee. Ya kwanza ilikuwa na mwenyewe mmoja. Ya pili ni ya waliochanga.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa historia nyingine, ya chombo kilichofika ufukwe wa ziwa kutoka mbali sana.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, na hata baadaye, bidhaa zilikuja pia kwa meli za ziwani kutoka Kisumu. Kwa njia hizo mbili ziliingia baiskeli, santuri, gramafoni na magitaa. Fedha ya kuvinunulia ilitoka shambani. Katika miaka ya 1950 Usukuma na majirani zake walilima sehemu kubwa ya pamba yote ya Tanganyika, na mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana chini ya shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Mkulima aliyeuza pamba yake vizuri aliweza kuwa na gitaa kavu. Magitaa mengi ya bei nafuu yalitengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo kwa jina la Gallotone, na jina hilo likageuka kuwa neno la watu wote: gitaa lolote lisilotumia umeme likaitwa galatoni. John Lennon wa Liverpool naye alianzia na gitaa la chapa hiyo hiyo mwaka 1957, kwa sababu ile ile iliyomfanya kijana wa Mwanza alinunue: bei yake.

Gitaa la besi ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1951, huko California, Leo Fender alianza kuuza gitaa la umeme lenye nyuzi 4 nene, lililokusudiwa kuchukua nafasi ya lile besi kubwa la kusimama ambalo mwanamuziki alilibeba kama mtu abebaye mlango. Chombo kipya kilikuwa chepesi, na freti zake zilimwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole. Ulimwengu ulilipokea. Bendi za Kongo zikaliingiza katika rumba, na kutoka Kongo, kwa redio na kwa miguu ya wanamuziki wenyewe, mtindo huo ukaenea Afrika Mashariki. Bendi ya dansi ikawa na magitaa yanayozungumza kwa zamu: solo, la kati, rithimu, na chini ya yote, besi.

Lakini wepesi wa gitaa la besi ni wa udanganyifu. Uzi wake wa chini kabisa hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Hewa nyingi lazima isukumwe ili sikio lisikie. Ngoma ya mtemi iliisukuma kwa upana wa ngozi na ukubwa wa mti. Gitaa la besi huisukuma kwa amplifaya, spika pana, na umeme. Likitolewa katika umeme, ni ubao wenye nyuzi. Mpiga solo anaweza kuwa na galatoni chumbani kwake, akafanya mazoezi, akatunga, akaifurahisha harusi ya jirani. Mpiga besi asiye na amplifaya hana kitu. Kununua besi, basi, si kununua gitaa moja; ni kununua gitaa, amplifaya, sanduku la spika na waya, na mahali penye stimu. Katika bendi nzima, yeye ndiye aliyekuwa mbali zaidi na uwezo wa kujitegemea.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye wanamuziki wa Tanzania wamempa jina fupi lenye uzito: mwenye vyombo.

Bendi za kwanza za dansi, kama Dar es Salaam Jazz Band iliyoanza mwaka 1932 na Morogoro Jazz Band ya mwaka 1944, zilikuwa na tabia ya vyama: watu walikusanyika, wakachanga, wakanunua. Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mwendo ukawa mkubwa zaidi. Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi na Magereza wakawa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikaanzisha Urafiki Jazz mwaka 1970, ikazitangaza kanga na vitenge vyake. Umoja wa vijana ukawa na Vijana Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Majina ya bendi yakawa kama vibandiko vinavyobandikwa kwenye viti vya ofisi: ukilisikia jina, umemjua mwenye mali.

Si haki kuukumbuka mpango huo kwa lawama tupu. Mwanamuziki aliyekuwa akilala na njaa alipata mshahara wa kila mwezi. Alipata heshima ya mfanyakazi katika nchi ambayo hapo kabla ilimhesabu kuwa mhuni wa vilabuni. Na alipata kugusa vyombo ambavyo asingeweza kuvinunua kwa mapato ya maisha yake yote. Nyimbo nyingi ambazo Watanzania wanazipenda mpaka leo zilipigwa kwa vyombo vya mashirika. Besi ya Suleiman Mwanyiro katika bendi ya wafanyakazi, ambayo kutoka NUTA iligeuka JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma, isingesikika bila ya chama kulipia vyombo.

Lakini kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Maadamu vyombo ni vya shirika, shirika ndilo lililoamua wapi vipigwe na lini vinyamaze. Hata kuingia bendi kulikuwa ni kujaribiwa kwa chombo cha mwingine. Kijana alifika mikono mitupu, akavishwa gitaa la bendi, akatakiwa afuate wimbo mmoja au miwili mbele ya wakubwa wake. Akifaa, gitaa lilibaki begani mwake mpaka mwisho wa dansi, kisha likarudishwa stoo na kufungiwa. Alilipiga miaka 10, pengine 20, bila ya kulala nalo nyumba moja.

Kwa kuifahamu hali hiyo, mtu ataielewa vyema tabia ambayo mashabiki wa dansi waliisema sana kwa uchungu: kuhamahama kwa wanamuziki. Mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi, TTTS, lilianzisha Mlimani Park Orchestra, na wanamuziki mahiri wakaziacha bendi zao wakaifuata, Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka wakiwamo. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, ikawa DDC Mlimani Park. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akaijenga upya Orchestra Safari Sound kwa kuwavuta Gurumo na wenzake. Wapenzi waliona usaliti. Magazeti yaliona tamaa. Lakini mwanamuziki alipohama hakuwa na cha kubeba. Aliondoka na vidole vyake na koo lake, akaenda kwa mwenye vyombo mwingine, aghalabu mwenye mshahara mnono zaidi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anayeishi kwa kuazima hubadilisha mwazimishaji, hana mwendo mwingine.

Wafanyabiashara nao walikuwa wamba ngoma kama mashirika. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, alipata sifa za ulimwengu akiwa na bendi iitwayo Super Matimila. Alizunguka na WOMAD, akarekodi Uingereza, na santuri yake ikauzwa Ulaya mwaka 1989 kwa jina la wimbo wa maskini. Wasikilizaji wa huko waliolitamka jina Matimila labda walidhani ni jina la mto, au la mzimu. Lilikuwa jina la mfanyabiashara aliyekuwa na vyombo. Mtetezi wa wanyonge aliimba chini ya jina la mwenye mali, na jina hilo likaenda naye kila mahali.

Palikuwa na njia nyingine, nayo yafaa ikumbukwe. Orchestra Maquis, wanamuziki wa Kongo waliopitia Uganda na kufika Dar es Salaam mwaka 1972, walijiundia kampuni yao, OMACO, na wanamuziki wenyewe wakawa wenye hisa. Hiyo ilikuwa ngoma ya wachangaji, iliyo karibu zaidi na viwanja vya Bagalu na Bagika kuliko na jengo la kiti cha enzi. Maquis ilidumu na kushindana na bendi za mashirika makubwa kwa miaka mingi.

Mwisho wa miaka ya 1970 ulileta njaa ya vyombo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vikakausha hazina, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikawa za dawa na vipuri. Nani angetoa kibali cha kuagiza nyuzi za besi wakati hospitali haina sindano? Vyombo vilivyokuwapo vikazeeka mikononi. Wapiga besi walizichemsha nyuzi zilizochoka, kama wenzao wengi ulimwenguni, ili maji ya moto yatoe jasho na mafuta ya vidole, na mlio urudi kwa siku chache. Kwa magitaa ya kujitengenezea, waya wa breki ya baiskeli ulikuwa uzi.

Katika njaa hiyo ununuzi wa besi iliyotumika ukawa elimu kamili, na elimu hiyo haijapitwa na wakati. Mnunuzi hamwangalii muuzaji usoni, huliangalia gitaa. Kwanza hulishika kama bunduki, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kutoka kichwani hadi tumboni: iliyopinda kama upinde imeshindwa na nguvu za nyuzi au na unyevu. Kisha hulipiga bila umeme, freti baada ya freti, uzi baada ya uzi, akitafuta mahali panapokereza au kufa sauti. Hulinganisha mlio wa uzi ulio wazi na ule wa freti ya 12. Viwili hivyo vikikosana, nyimbo zote zitakosana. Hapo tena ndipo huomba umeme. Huzungusha vifundo vya sauti akisikiliza mkwaruzo wa kutu, hugusa waya, huongeza amplifaya mpaka spika ikaribie kulia, na kusikiliza kama karatasi yake imepasuka. Muuzaji mwerevu hupenda biashara ifanyike mchana, umeme umekatika. Mnunuzi mwerevu husubiri usiku.

Msomaji wa Unguja atakuwa ameshaikumbuka ngoma moja ambayo haimo katika hadithi hii, nayo ni ya kwao. Wakati mashirika ya bara yakilinda besi zao stoo, watu wa ng'ambo na wa mashamba walikuwa na besi isiyohitaji kibali cha mtu. Katika kidumbaki, pamoja na fidla, vidumbaki viwili, cherewa na mkwasa, lipo sanduku. Ni sanduku la mbao la kupakilia majani ya chai, lililopinduliwa, likatiwa uzi mmoja na fimbo moja. Mpigaji huvuta fimbo, uzi ukakaza na sauti ikapanda. Hulegeza, sauti ikashuka. Hakuna freti wala amplifaya. Vijana wa Uingereza nao walitumia sanduku kama hilo katika miaka ya 1950, na kusini, Malawi, yupo ndugu yake aitwaye babatoni. Mali ilikuja na meli ya chai. Chombo kilitoka katika kilichobaki.

Sanduku halina thamani sokoni. Hakuna aliyelirithi pamoja na enzi, wala halikuandikwa katika daftari la mali ya shirika. Kwa sababu hiyo hiyo ndilo besi pekee, katika historia hii yote, ambalo mpigaji wake aliweza kulichukua akaenda nalo nyumbani. Arusi nyingi za Unguja zilichezwa juu ya sauti yake. Makame Faki, aliyefahamika kwa jina la Sauti ya Zege, alisimama pande zote mbili: katika taarabu ya Culture Musical Club, penye besi la kusimama, na katika kidumbaki, penye sanduku. Msikilizaji hakuona kwamba upande mmoja una muziki na wa pili hauna.

Taarabu yenyewe ilikwisha kulikaribisha gitaa la besi kitambo. Tanga, Black Star Musical Club na wenzao wa Lucky Star waliyaingiza magitaa ya umeme na besi, wakaipa taarabu mwendo wa dansi. Katika miaka ya 1990 vikundi vya taarabu ya kisasa vilifuata, na huko bara, Tanzania One Theatre ilipata vyombo vyake kwa mkono wa chama tawala. Ngozi ikavutwa tena kwa upande ule ule wa zamani.

Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, na ruksa ya biashara iliyofuata, yalifungua milango. Bandari zikapokea magitaa, kwanza machache, kisha mengi, mwishowe yale ya bei ndogo kutoka Uchina na Indonesia. Leo kijana anaingia dukani Kariakoo akaiona besi mpya inaning'inia ukutani. Katika kanda ya ziwa, kwaya za makanisa zimekuwa wanunuzi wakubwa: waumini huchanga, kamati husafiri, vyombo hufika, na siku ya kuviweka wakfu ni sikukuu. Mwanza, kama Bujora, ngoma ya wachangaji imerudi kwa mlango wa kanisa.

Lakini historia ina kejeli yake. Chombo kiliposhuka bei mpaka mpigaji akaweza kukinunua, kazi ya mpigaji ikapungua. Kinanda cha umeme hupiga besi kwa mkono wa kushoto, na kompyuta ya studio huipiga bila mkono wowote. Sehemu kubwa ya muziki wa kizazi kipya uliozaliwa Dar es Salaam katika miaka ya 1990 haukuhitaji mtu mwenye nyuzi 4 begani. Mpiga besi aliyetumikia bendi ya shirika ujana wake wote alizeeka bila chombo. Mwanawe anaweza kuwa na chombo, akakosa bendi. Mwenye vyombo wa zamani aliwahitaji angalau wapigaji. Mwenye vyombo wa leo, aliye na kompyuta moja chumbani, hamhitaji mtu.

Kwa hiyo swali lililoulizwa mbele ya ngoma za watemi halijajibiwa na soko. Kuuzika kwa chombo hakutoshi. Panatakiwa pawe na mahali pa kukipigia, na mtu wa kumfundisha mwenye kukishika. Unguja, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2001 kilijaribu kulipa jibu moja: vyombo viwe vya shule, na mtoto ambaye kwao hakuna hata fidla aweze kuvigusa. Bujora ina jibu jingine, la zamani zaidi. Ngoma za watemi zimetulia ndani, zimehifadhika, hazipigwi. Nje, mwezi wa Juni, moto wa majani makavu huwashwa kando ya uwanja, na vijana wa Bagalu na wa Bagika huzisogeza ngoma walizochangia, wakaziangalia ngozi zikikauka. Mmoja huinama, hugonga mara moja kwa kiganja, husikiliza. Bado. Huirudisha motoni, na umati, ambao haujaamua utasimama upande gani, unangoja.